Mwanamke Aliyeniita Mkwe

Haya sikusimuliwa. Naanza kwa kusema hivyo kwa sababu miaka yangu ya kazi niliimaliza nikiwa hakimu, na kazi hiyo ilinizoeza kumkatiza shahidi kila aliposema, "Nilisikia kwa fulani." Fulani na aitwe mwenyewe, aape, aulizwe. Kwa hiyo usinihesabu miongoni mwa wale wanaokaa barazani, hapa kwetu Chumbageni, wakisimulia majini walioonwa na binamu za jirani zao. Mimi niliona kwa macho yangu, mchana, jua likiwa utosini, miwani yangu ikiwa usoni na akili yangu ikiwa timamu. Nililoliona nitakuambia nililiona. Ambalo sikuliona, nitakuambia sikuliona.

Mke wangu, Bi Zuhura, ana maradhi ya kusahau. Yalianza kwa mambo ya kuchekesha: alitia sukari kwenye mchuzi wa samaki, tukala huku tukitaniana. Baadaye akasahau njia ya kutoka sokoni. Kisha, asubuhi moja tulipokuwa tunakunywa chai, alinitazama kwa adabu kubwa, kama mgeni anavyomtazama mwenyeji wake, akaniuliza, "Samahani, baba, wewe ni nani wa nyumba hii?" Nilipomjibu kuwa mimi ni mumewe, alijifunika uso kwa kanga, kwa haya. Nimewasomea watu hukumu nyingi maishani. Siku ile nilijua inavyokuwa kusimama upande wa pili.

Daktari hakutuficha. Alisema dawa ya kurudisha kilichopotea hana, lakini mtu wa namna hiyo hutulia akiwa karibu na vitu alivyovizoea tangu utoto. Ndipo binti yetu wa pekee, Rukia, alipokuja na shauri lake. Rafiki yake mmoja alikuwa na gari la kulala ndani, lile ambalo vijana huliita kempa: lina vitanda, jiko, choo na hata kabati la vyombo.

"Baba, tumpeleke Mama likizo pwani," aliniambia. "Hotelini atapotea ukumbini. Lakini humu, popote tutakapolala, kitanda ni kilekile na sufuria ni ileile. Tunahama na nyumba yake."

"Na nani ataliendesha dude hili?"

"Mimi. Wewe utakaa mbele uniamrishe, maana najua hutanyamaza."

Basi tukaondoka. Tulipokuwa tunapita Raskazone, kijana mmoja wa bodaboda alisogea karibu na dirisha langu, akapaza sauti: "Shikamoo, mzee! Kodi imewashinda, mmehama na nyumba nzima?" Nilimjibu marahaba na sikumjibu zaidi. Zuhura akacheka. Niliandika kicheko kile moyoni, kwa kuwa vicheko vyake vilikuwa vimeanza kuadimika.

Tulivuka mto Pangani kwa kivuko, tukateremka mpaka Saadani, ambako wanyama wa porini hufika hadi ufukweni. Sikuwa nimeamini habari hiyo mpaka nilipoiona. Niliona twiga amesimama mchangani, shingo imeelekea baharini, ametulia kabisa, kama mtu anayemngojea mwenziwe. Niliona nyayo za tembo kwenye mchanga wa maji, kila unyayo umekuwa kidimbwi, na katika kimoja samaki wadogo wakizunguka wasijue wamefungiwa ndani ya nini. Zuhura alichutama pale muda mrefu akiwatazama. Alikuwa ametulia, nami nikatulia.

Siku iliyofuata tumbili aliingia garini kwa dirisha, akakaa mezani wima, mbele ya mkate wa kumimina ambao Rukia alikuwa ameuandaa. Mimi nilinyanyua fimbo. Zuhura akanizuia kwa mkono.

"Baba Rukia, ndiyo adabu gani hiyo? Mtilie mgeni chai."

Tumbili hakungoja chai. Aliukumbatia mkate mzima akatoka alikoingilia, na Rukia, machozi ya kicheko yakimtoka, akapiga kelele: "Mheshimiwa, mtuhumiwa anatoroka na kielelezo!" Zuhura alicheka kwa sauti ileile ya msichana niliyemwoa. Na alikuwa ameniita Baba Rukia. Umeliona hilo? Alinijua. Ningempa tumbili yule mikate kumi.

Kituo chetu cha mwisho, tukirudi kaskazini, kilikuwa Kigombe. Ndiko alikozaliwa. Hatukumwambia tunakokwenda, lakini harufu ya mwani ilipoingia dirishani aliketi wima akasema, "Leo maji yatatoka mbali. Ni bamvua." Na ilikuwa kweli: ilikuwa siku za bamvua, ambapo bahari hukauka mpaka miamba ya mbali ikaonekana, kisha maji hurudi kwa kishindo. Binamu yake, Bi Mwanajuma, mwanamke mcheshi wa umri wa mke wangu, alitupokea kwa vigelegele, akatuonyesha pa kuegesha, chini ya mivinje iliyo karibu na ufukwe.

Sasa nisikilize kwa makini, maana hapa ndipo penye shauri lenyewe.

Asubuhi ya pili Rukia alikwenda kijijini kutafuta nazi. Mimi nilikaa mbele ya gari na gazeti langu. Zuhura alitandika mkeka nyuma ya gari kwa ajili ya sala ya dhuha. Jambo hilo hakulisahau kamwe: alipoteza majina ya jamaa, hakupoteza sala. Baada ya muda nilichungulia ubavuni mwa gari. Niliona shela yake nyeupe ya kusalia, kichwa kimeinama, na nikasikia tasbihi ikigonga polepole. Wewe ungefanya nini? Kwetu mtu aliye katika uradi haitwi, wala hapitiwi mbele. Nilirudi kwenye kiti changu kwa kunyata, nikimshukuru Mungu kwa utulivu aliompa.

Niligundua kwa sababu ya kivuli. Kivuli cha mivinje kilikuwa kimenifuata mpaka miguuni, nikajua jua limepanda utosini, na kwamba nyuma ya gari hapakuwa na kivuli tena. Mgonjwa hakai juani kiasi kile. Nilizunguka. Shela ilikuwa imetundikwa juu ya kiti cha kukunja. Tasbihi ilikuwa imeangikwa mkononi mwa kiti, na upepo ulikuwa ukiigonga kwenye chuma. Nilikuwa nimekiheshimu kiti.

Nyayo zake, za miguu mitupu, zilielekea baharini.

Bahari ilikuwa imekauka kweli, lakini maji yalikuwa yamekwisha kugeuka. Wanawake wa kijiji waliokwenda kuchokoa pweza walikuwa wamerudi kitambo. Mbali kule, kwenye miamba, niliona mtu mmoja tu ameinama, kanga imefungwa kiunoni. Nilimjua kwa mgongo wake. Nilikwenda kwa kadiri miguu yangu ilivyoweza, nikiteleza juu ya mwani na mawe makali, mpaka nikafika kwenye mkondo.

Mkondo huo hupita kati ya ufukwe na miamba, na maji yanaporudi hujaa huo kwanza. Aliyechelewa ng'ambo hubaki kwenye kisiwa cha mwamba, na baada ya muda kisiwa nacho hufunikwa. Nilichovya fimbo yangu: haikugusa chini. Maji yalikuwa yakikimbia. Nami, uniamini, sijui kuogelea. Nimezaliwa Lushoto, milimani. Bahari naijua kwa kuitazama.

Nikaita. "Zuhura! Zuhura!"

Aliinua kichwa, akanitazama, kisha akainama tena akaendelea na pweza wake. Hakuwa amenipuuza. Alikuwa amesikia mtu asiyemjua akiita jina la mtu mwingine. Nikaita Mama Rukia. Nikaita mke wangu. Nikaita kwa sauti iliyowahi kunyamazisha ukumbi wa mahakama uliojaa watu, na hakugeuka tena. Maji yalikuwa yameanza kulamba mwamba aliosimama. Nilijua kwamba nitasimama pale na kumtazama akizama, akiwa hai, karibu kiasi cha kuziona bangili zake, na kwamba kilichokuwa kinamwua ni kukosa jina la kumwitia.

Kando yake palikuwa na mwanamke.

Sikumwona akija. Nasema hivyo kwa uzito wote. Sehemu ile ilikuwa tupu kila upande, sikuyaondoa macho yangu kwa Zuhura, na kutoka kuwa mmoja wakawa wawili. Alikuwa amefunga kanga juu ya magoti na kubeba begani chuma cha kuchokolea pweza. Alisema neno moja, fupi. Sikulisikia, lakini niliona kazi yake: Zuhura alinyooka hapo hapo, kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu wake, akashika pindo la kanga ya yule mwanamke, wakateremka mkondoni.

"Rudini!" nilipiga kelele. "Maji yamejaa!"

Hawakurudi. Mwanamke alitangulia, ameyapa maji ubavu. Yaliwafika kiunoni, yakawafika kifuani. Walipofika katikati sikuiona tena kanga, wala bega, wala chuma. Niliona kichwa kimoja mbele, cheusi, kinang'aa, na nyuma yake mke wangu amelala kifudifudi juu ya maji kama mtoto aliyebebwa mgongoni, miguu yake haigusi chini, naye hana hofu yoyote. Kisha wakasimama tena, wawili, wakaja upande wangu. Hilo la katikati ndilo ninaloliona hadi leo nikifumba macho.

Mwanamke alisimama pale ambapo maji yalimfunika vifundo vya miguu. Hakukanyaga pakavu. Alikuwa mtu wa makamo, nywele hazijaingia mvi, na kwenye shavu la mguu wake wa kushoto palikuwa na kovu refu lililokunjamana. Alimsogeza Zuhura kwangu kwa mkono.

"Mkwe," akasema, "mpokee mwenzio."

Sasa nielewe. Shukrani ilikuwa imenijaa, na hata hivyo nilingoja shikamoo. Kwa umri wangu kila mtu huniamkia: hakimu mpya, daktari, kijana wa bodaboda. Huyu, ambaye angeweza kuwa mwanangu, hakuniamkia, na juu yake akaniita mkwe.

"Wewe ni binti wa nani?" nikamwuliza.

Akaangua kicheko. "Mtazame! Huniamkii, waniuliza ukoo?"

"Nikuamkie wewe? Mimi ni sawa na baba yako!"

"Haya, baba," akajibu kwa dhihaka, akiuvuta mdomo. "Mwari wangu nilimlea mie, ukaja kumchukua weye, na jina unalomjulia ni la nyumbani tu. Hilo limeshamtoka. Hebu sogea."

Nilisogea. Kwa nini nilisogea? Sijui. Aliniinamia sikioni. Alinukia mwani, na sikuhisi joto la pumzi yake. Akanitajia jina moja, jina la kike ambalo sikuwahi kulisikia.

"Akipotea, mwite hilo," alisema. "Mara moja, polepole. Usimpigie makelele, si mshitakiwa huyo."

"Baba! Mama!" Ilikuwa sauti ya Rukia, akija mbio kutoka kwenye mivinje. Niligeuka kumwonyesha mkono kwamba tu salama. Nilipogeuka tena mbele hapakuwa na mtu. Palikuwa na maji tu, yakipanda. Katikati ya mkondo kasa mmoja alitoa kichwa, akashusha pumzi kwa sauti, akatutazama, akazama. Sisemi zaidi ya hapo. Nasema nilimwona kasa.

Rukia alimkumbatia mama yake huku analia. Kisha akanitazama mimi. "Baba, ulikuwa unagombana na nani?"

"Na yule mwanamke aliyemvusha."

"Mwanamke yupi? Nimekuoneni tangu kule juu. Mlikuwa wawili tu, wewe na Mama."

Nauandika ushahidi wake ingawa unapingana na wangu, kwa kuwa Rukia ni mkweli na macho yake ni mazuri kuliko yangu. Lakini hata yeye hakuweza kunieleza mama yake, ambaye huhitaji kushikwa mkono anapopanda ngazi za gari, alivyouvuka mkondo ule. Wala hakuweza kunieleza pweza. Zuhura alikuwa amemshika pweza mkubwa, minyiri yake bado inajizungusha kwenye kiwiko chake, na hakuwa tayari kumwachia mtu.

"Somo amenitoa," Zuhura alisema, kwa sauti changamfu. "Kanigombeza. Asema nimekawia."

Kama hukukulia pwani, nikueleze. Msichana anapovunja ungo hukabidhiwa mwanamke mzima wa kumfunda mambo ya utu uzima. Huyo ndiye somo wake, naye msichana ni mwari wake, na uhusiano huo haukatiki mpaka kifo. Mambo yanayosemwa ndani huko, pamoja na majina wanayopewa wari, wanaume hatuyaulizi. Katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kuuliza.

Jioni ileile nilikwenda kwa Bi Mwanajuma. Sikumwambia lolote kuhusu mwanamke niliyemwona, kwa sababu shahidi haongozwi. Nilimwuliza tu somo wa mke wangu alikuwa nani, na alikuwa mtu wa namna gani.

"Bi Mize!" akasema, uso ukimchanua. "Mtu wa maskhara yule, shemeji. Ukikaa naye mbavu zinakuuma. Alichomwa na mwiba wa samaki taa mguuni, hapa, akabaki na kovu kama mkunjo wa mkeka. Bahari ilimchukua siku ya bamvua, kwenye mkondo huo huo. Hakuonekana tena."

"Mguu gani?"

"Wa kushoto."

"Alifariki lini?"

"Kabla ya harusi yenu. Posa ilikuwa imekwisha kupokelewa. Alikuwa akituchekesha kwa habari zako wewe, mkwe wa milimani. Akisema, 'Aje tu huyo msomi wao. Ataniamkia mara mbili: mara moja kwa umri wangu, mara moja kwa kunichukulia mwari wangu.'" Bi Mwanajuma akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Maskini, hakuwahi kuamkiwa hata hiyo moja."

Kijijini, habari ilipoenea, watu walisema mengine mengi juu ya mkondo ule na waliomo ndani yake. Sitayaandika, kwa kuwa sikuyaona. Kuhusu kielelezo changu cha pekee, yule pweza, nakiri kwamba Bi Mwanajuma alimpika kwa tui zito la nazi na tukamla wote. Zuhura alikula kuliko sisi.

Maradhi hayakupona. Usije ukadhani nakusimulia muujiza wa uponyaji. Bado yapo mawio ambapo mke wangu huamka na kunitazama kama mgeni. Lakini sasa nina la kufanya. Siku moja alitoka nyumbani nisijue, nikamkuta ukingoni mwa barabara kubwa ya Chumbageni, bajaji zikimpita kwa kasi, naye yu tayari kushuka barabarani. Zamani ningepiga kelele. Nilisimama nyuma yake nikalitaja lile jina, mara moja, polepole. Aligeuka papo hapo akanifuata. Siku nyingine hanikumbuki kuwa mumewe hata baada ya kumwita, lakini hunitazama kama mtu aliyetumwa na mtu anayemwamini, na hunipa mkono. Kwa mzee kama mimi hiyo ni neema kubwa, na ninaipokea kwa mikono miwili.

Jina lenyewe usiniulize. Rukia ameniuliza: "Na ukitangulia wewe, Baba?" Nimemwahidi kwamba saa yangu ikikaribia nitamnong'oneza yeye, naye ni mwanamke, ana haki nalo kuliko mimi. Wewe huna.

Lakini onyo nitakupa. Ukiwapeleka wazee wako pwani, wakae ndani ya gari au chini ya hema, usiridhike na kuona shela nyeupe kwa mbali. Sogea mpaka uuone uso. Na jua likiwa utosini, maji yanarudi, ukikutana na mtu asiyekanyaga pakavu, usiupime umri wake kwa ngozi ya uso wake. Mwamkie wewe kwanza. Kiburi cha miaka yako kiache mchangani pamoja na viatu.

Nasi hurudi Kigombe kila tunapoweza. Zuhura hukaa chini ya mivinje na Bi Mwanajuma, mkono wake ndani ya mkono wa Rukia. Mimi huteremka peke yangu mpaka kwenye mkondo, navua kofia, natazama maji, nasema: "Shikamoo, Bi Mize." Kisha nasema tena, "Shikamoo," kama alivyotaka. Sijasikia marahaba. Ningeisikia ningekuambia.

Tangu wakubwa wangu wote walipokufa, sikuwa na mtu duniani wa kumwamkia. Sasa ninaye.